Tundu la Tatu

Kazi yangu kanisani, tangu nikiwa na nywele, ni kupanga namba za nyimbo. Ukutani, kushoto kwa madhabahu, kuna ubao wenye nafasi tano, moja chini ya nyingine, na katika kila nafasi huchomekwa vibao vidogo vya tarakimu. Nafasi ya juu kabisa si ya wimbo. Ni ya liturjia, na haiguswi isipokuwa sikukuu kubwa. Chini yake hukaa wimbo wa kwanza, kisha wa pili, wa tatu na wa nne. Tarakimu zilichongwa zamani na seremala aliyependa kuchimba sana, kiasi kwamba kidole huzisoma chenyewe. Kwa hiyo macho yaliponiacha, ubao haukuniacha. Namshukuru Mungu, na yule seremala.

Macho yenyewe hayakuondoka kwa kishindo. Yaliaga polepole, kama mgeni wa kwetu anayesema "haya, nakwenda" kisha anakaa saa nzima mlangoni. Mwanzoni nilidhani taa za kanisa zimepungua nguvu, nikamlaumu mweka hazina kwa kununua taa rahisi. Mweka hazina akanunua nyingine kubwa. Nikamlaumu tena. Ndipo mke wangu akanishika mkono akanipeleka mjini Moshi, na daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea haitarudi. Jumapili iliyofuata nilimwomba mweka hazina msamaha. Alinisamehe, ila zile taa kubwa bado zinawaka, na wenzangu wanasema zinawaumiza macho.

Tangu siku hiyo mke wangu ndiye macho yangu. Hunisomea Neno asubuhi, hunisomea barua, karatasi za dawa na matangazo ya misiba. Hunishika kiwiko tukivuka mfongo, ule mfereji wetu wa maji unaokatiza njia ya kanisani, ambao daraja lake ni magogo mawili yasiyopatana. Sina lalamiko juu ya usomaji wake. Nina moja tu, na nililibeba kimya kwa miaka kadhaa.

Katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kupoteza macho, aliingia nami kituoni. Sheria inamruhusu mtu asiyeona kuingia na mtu anayemwamini, na mimi ningemwamini nani mwingine? Kwenye karatasi ya udiwani nilimnong'oneza jina la mzee mmoja mpole, ambaye ahadi yake pekee ilikuwa kusafisha mifongo. Mke wangu akasema, "Haya, Baba." Nikasikia kalamu ikikwaruza. Nikasikia karatasi ikikunjwa. Nikaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku na kurudi nyumbani nikiwa raia kamili.

Mgombea mmojawapo, sikusema, alikuwa mtoto wa kaka yake mke wangu.

Kesho yake jirani yangu, fundi viatu ambaye miguu yake haikuwahi kumfanyia kazi na ambaye hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono, alipita kituoni kusoma matokeo yaliyobandikwa mlangoni. Akaja moja kwa moja hadi barazani kwangu.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nilimfundisha kipaimara. "Yule mtu wenu wa mifongo ana yai."

"Ana nini?"

"Yai. Sifuri. Kituo kizima hakuna aliyemkumbuka. Mwenyewe hupiga kura kule juu, la sivyo angejipa hata moja."

Ndani ya nyumba mke wangu alikuwa akipiga deki. Deki ikasimama. Kisha ikaendelea, kwa bidii kuliko mwanzo.

Mtu anayekushika mkono ukingoni mwa mfongo humwiti mwongo ukiwa bado ukingoni. Tena alinipikia mtori wa nyama siku tatu mfululizo, na mimi ni mtu wa shukrani. Ila ndani yangu kulikuwa na kitu kidogo kilichokwaruza kama kokoto kwenye kiatu. Kwa miaka mingi nilipowafundisha vijana wa kipaimara, swali langu la mwisho lilikuwa lilelile: "Siku ile utakaposimama mbele za Mungu, nani atakujibia?" Nao wakijibu kwa pamoja: "Hakuna! Nitajibu mwenyewe!" Mimi niliyeuliza swali hilo nilikuwa nimejibiwa, na jibu lenyewe likakosewa.

Miaka ikapita. Diwani wetu akajiuzulu akaenda kuishi na mwanawe Dar es Salaam, kukatangazwa uchaguzi mdogo. Wagombea walikuwa wanne. Wa tatu kwenye orodha alikuwa mama anayekusanya maziwa ya kata nzima kila alfajiri, mwanamke anayejua jina la kila ng'ombe. Aliahidi kuweka vyuma vya kushika kwenye madaraja ya mifongo. Mimi nilikuwa nimeanguka kwenye mfongo mara mbili, mara ya pili na Biblia, na sikuhitaji hotuba ndefu. Wa nne alikuwa yule yule mtoto wa kaka yake mke wangu. Yeye aliahidi maendeleo.

Baada ya ibada moja mgeni kutoka ofisi ya uchaguzi alisimama kutoa tangazo. Alisema kituo chetu kitakuwa darasani, kwamba wazee, wagonjwa na wenye ulemavu hawatapanga foleni, na kwamba kwa asiyeona kuna jalada maalumu: karatasi ya kura huingizwa ndani, na mbele ya kila mgombea kuna tundu. Unagusa, unahesabu, unaweka alama ya vema ndani ya tundu la unayemtaka. Hakuna wa kukusaidia wala wa kukuona.

Sijui mahubiri ya siku ile yalihusu nini. Mungu anisamehe.

Usiku, tukila, nikasema, "Mama, safari hii nitapiga mwenyewe."

Kijiko chake kikasimama. Asiyeona husikia vijiko.

"Utapigaje, Baba, na huoni?"

"Kuna jalada."

"La nini?"

"Lenye matundu."

Akakiweka kijiko. "Nakusomea barua. Nakusomea dawa. Nakusomea mpaka kalenda ya chanjo za ng'ombe. Kwenye kura ndiyo nimekosea nini?"

Lilikuwa swali zuri sana. Nilikuwa na jibu lake, nikalila pamoja na mtori.

Maandishi ya nukta nundu sikuyajua. Vidole vyangu vilikuwa vizee vilipoanza shule. Lakini kuhesabu matundu, nikajiambia, nani atanishinda? Kila Jumamosi nilipomaliza kupanga nyimbo nilibaki mbele ya ubao nikifanya mazoezi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu; na kwenye wa tatu nachora alama ya vema kwa ukucha. Nilirudia mpaka mkono ukaweza bila mimi. Mama mmoja wa kwaya alinikuta hapo, nimeinamisha kichwa, nikipapasa na kunong'ona. Akatoka kwa kunyata. Jumapili ikawa habari ya usharika mzima kwamba mzee anauombea ubao wa nyimbo, na kwamba huenda kuna uimbaji uliomhuzunisha. Kwaya iliimba vizuri sana siku ile.

Fundi viatu naye alikuwa na vita vyake. Darasa lina ngazi tatu, na katika uchaguzi uliopita vijana walimbeba juujuu na baiskeli yake, wakamwingiza kwa mgongo.

"Niliingia kama kabati," aliniambia. "Safari hii nataka kuingia kama mtu."

Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mara sita, na mara ya saba mwenyekiti alitoa mbao ili apate kulala. Wakatengeneza mteremko wa kupandia. Mbao zilikuwa fupi, kwa hiyo mteremko ulikuwa mkali. Siku ya kuujaribu fundi viatu alipanda kwa nguvu zote za mikono, akafika juu, akainua mikono yote miwili kuwapungia watu. Hapo ndipo alipogundua kwamba breki ya baiskeli yake ni mikono. Akarudi kinyumenyume, akapita kati ya wajumbe wa kamati, akasimamishwa na mti wa parachichi.

"Mbe, umeumia?" mwenyekiti akapiga kelele.

"Ongezeni mbao!" akajibu kutoka kwenye majani.

Wakaongeza mbao.

Siku ya kura ilikuwa ya ukungu. Mke wangu alinivalisha koti la ibada, akanivusha mfongo kwa uangalifu wa pekee, na njia nzima hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni hotuba. Watu walitupisha. "Shikamoo babu, piteni mbele, piteni." Nikapitishwa mbele ya foleni ndefu, nikiitikia marahaba kushoto na kulia kama askofu.

Fundi viatu alikuwa ametutangulia. Alipanda mteremko wake taratibu, akaingia uso mbele, akapewa karatasi. Tatizo likawa meza ya kituturi, kile kibanda kidogo cha kupigia kura: ilikuwa juu ya kichwa chake. Msimamizi wa kituo, binti mwalimu wa shule ileile, akataka kuagiza meza ya wanafunzi wa darasa la kwanza.

"Msihangaike, mapaja ninayo," akasema fundi viatu, akiweka karatasi mapajani. "Ila kura ni siri. Geukeni wote!"

Nikasikia viti vikiburuzwa. Mawakala wa vyama vyote, karani, hadi askari aliyekuwa mlangoni, wakageukia ukutani.

"Mwalimu, na wewe geuka," akaniambia.

"Mimi sioni!"

"Sheria ni sheria."

Nikageuka.

Ikafika zamu yangu. Karani akalipata jina langu daftarini. Mke wangu alikuwa tayari ameshika kalamu, nilisikia akiibonyeza.

"Babu, nani atakusaidia?" akauliza msimamizi.

"Hakuna," nikasema. "Nitajibu mwenyewe."

Binti akacheka kwa mshangao. Kumbe naye alipita kipaimara mikononi mwangu, nami sikuwa nimeitambua sauti yake ya utu uzima. "Sawa, Mwalimu," akasema. "Jalada lipo."

Kalamu ya mke wangu ikabonyezwa tena, ikafungwa.

Binti alinieleza vizuri, namshuhudia. Aliingiza karatasi, akanishika kidole akakipitisha ukingoni. "Majina yanaanzia juu. Tundu la kwanza ni mgombea wa kwanza, la pili wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Nirudie?"

"Usijisumbue, mwanangu," nikamwambia. "Nimefanya mazoezi."

Alinifikisha kwenye kituturi akarudi nyuma. Nikabaki peke yangu. Sijui niwaelezeje wanaoona. Kwa miaka ile sikuwa nimebaki peke yangu na karatasi yoyote. Niliomba kifupi. Kisha nikauachia mkono ufanye ulichozoea: ukashuka kutoka juu hadi chini, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukasimama. Nikachora alama ya vema, kubwa, iliyonyooka, ya mtu aliyesoma shule ya misheni. Nikakunja, nikapapasa hadi kwenye sanduku, nikatumbukiza. Karani akachovya kidole changu cha mwisho kwenye wino, na nikatoka nimekiinua kidole hicho mbele yangu kama mshumaa.

"Umempa nani?" mke wangu akauliza tulipofika kwenye magogo ya mfongo. Alichagua mahali vizuri.

"Kura ni siri, Mama."

Alinivusha hata hivyo.

Mama wa maziwa alishinda kwa kata nzima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ndani ya nyumba, mbele ya shangazi wa aliyeshindwa, na huo haukuwa uungwana. Vyuma bado havijawekwa; ameleta mtu wa kupima, nasi tunangoja. Lakini mke wangu hakuonekana kuhuzunika sana. Kilichomsumbua kilikuwa kingine.

"Baba," akasema siku ya pili yake akimenya ndizi, "ukoo wetu kituo hiki tunajuana. Tulikaa, tukahesabiana. Waliosema watampa mtoto wetu ni kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Karatasi ya mlangoni inasema ishirini."

"Basi amepata mpenzi mmoja."

"Nani? Watu wa kituo hiki nawajua hadi mawazo yao." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Kaka anasema ni fundi viatu. Nimemwuliza fundi viatu, amecheka mpaka gundi ikamwagika."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi. Nilifurahi kwamba safari hii fumbo la kura lilikuwa la upande wake, na nikalala usingizi wa mwenye haki.

Jumamosi alasiri tulikwenda kanisani kama kawaida, yeye kufagia, mimi kupanga nyimbo. Mchungaji alikuwa ameniachia namba kwa mdomo. Nikaupandisha mkono juu ya ubao. Ukaruka nafasi ya liturjia, kama unavyoiruka tangu nikiwa kijana, ukashuka kwenye wimbo wa kwanza. Nikachomeka tarakimu. Wa pili, nikachomeka. Wa tatu.

Mkono wangu ukasimama, na safari hii nami nilisimama nao.

Nikarudi juu. Liturjia. Nikahesabu kama angehesabu mtoto asiyejua kanisa: moja, mbili, tatu, nne. Wimbo wa tatu upo kwenye nafasi ya nne. Jalada la kura halina liturjia. Na sasa nikakumbuka, kwa vidole, jambo ambalo vidole vilikuwa vimelijua siku ileile: chini ya tundu nililotia alama hapakuwa na tundu jingine. Palikuwa na ukingo.

Nilikuwa nimempigia kura mtoto wa kaka yake mke wangu. Bila kushawishiwa wala kusomewa, kwa mwandiko wangu bora, baada ya mazoezi.

Nikaanza kucheka. Nilijaribu kujizuia, kwa heshima ya mahali, lakini kicheko cha kanisani ni kama kikohozi. Nikaushika ubao kwa mikono yote miwili.

Ufagio ukanyamaza. "Unacheka nini, Baba?"

Nikazidi kucheka.

"Najua unachocheka," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unacheka lile la mwaka ule. Ulijua siku zote, sivyo? Lile yai. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mtoto wa kaka yangu ananitazama pale kwenye picha, na yule mzee wako wa mifongo hata sura hakuwa nayo. Nikasema moja tu, Mungu haoni kituturi. Miaka yote hii ukinishukuru kwa kukusomea naumia hapa."

Nilitaka kumzuia, lakini alikuwa amekwisha toka nje. Nikasikia jani likivunjwa kwenye uzio. Alirudi akaliweka kiganjani mwangu, refu, laini, la baridi. Halihitaji macho. Ni isale, lile jani tunalopanda mipakani mwa vihamba vyetu, mashamba yetu ya migomba. Kwetu mtu akikupa isale anaomba msamaha, na anayelikataa hubeba kosa kubwa kuliko la aliyelileta. Kanisa lilitukuta nalo, na halikuona sababu ya kutunyang'anya.

"Nimelipokea," nikasema. "Yameisha."

Akavuta kamasi. Tukasimama hivyo. Ningeweza kuliacha hapo, nikabaki mzee aliyekosewa na kusamehe, hali nzuri sana kwa mzee wa kanisa. Lakini nilikuwa mbele ya ubao, na ubao unanijua.

Nikaligeuza jani, nikamrudishia.

"Hili la nini tena?"

"Pokea kwanza."

"Umenikosea nini?"

"Si wewe hasa. Ni yule mama wa maziwa, ila hayupo hapa. Pokea kwa niaba yake."

"Baba, umefanya nini?"

"Kura ni siri, Mama."

Nilimsikia akinong'ona kitu, majina ya ndugu zake, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu kuku jioni. Akafika mwisho. Ufagio ukaanguka sakafuni.

"Ishirini!" akasema. "Ni wewe!"

Alicheka hadi akaketi kwenye kiti cha mchungaji, mahali ambapo hata mimi, kwa miaka yangu yote, sijawahi kuketi. Nikamwacha acheke. Niligeukia ubao, nikaanza kuhesabu upya kutoka juu, maana wimbo wa nne ulikuwa bado.